Kupiga Picha Jicho, Kusahau Mkono

Hoja inayotamkwa siku hizi kila penye kongamano la afya ya kidijiti ni tamu masikioni: kamera ndogo ipige picha ya ndani ya jicho, akili mnemba isome mishipa ya damu, kisha itamke iwapo ateri za ubongo zimeanza kubana. Kiharusi kionekane kabla hakijafika, hata kijijini, bila CT-Scan wala daktari bingwa. Wimbo huu unaimbwa kwa sauti kubwa kiasi kwamba anayeuliza swali huonekana adui wa maendeleo. Mimi ninauliza.

Sayansi yenyewe si uganga. Ateri inayolisha retina ni kijitawi cha njia ileile ya damu inayopanda shingoni kwenda ubongoni, na retina, tangu mtoto akiwa kiinitete, ni chipukizi la ubongo. Tangu Hermann von Helmholtz alipounda chombo cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, madaktari wamejua kwamba hapo ndipo mishipa ya damu huonekana ikiwa hai bila kisu. Ugomvi wangu hauko hapo.

Mwaka 2018 watafiti wa Google walichapisha kazi ya programu iliyofunzwa kwa picha za macho ya watu 284,335. Ilikadiria umri wa mtu kwa kukosea wastani wa miaka 3.26, na dunia ikashangilia. Wachache walifika kwenye shinikizo la damu: kipimo cha juu kilikosewa kwa wastani wa milimita 11 za zebaki. Yaani kamera na kompyuta zilibahatisha jambo ambalo muuguzi wa zahanati hulipima moja kwa moja kwa kufunga kitambaa mkononi. Siwalaumu watafiti, nawalaumu wanaotuuzia matokeo yao nusunusu.

Lakini tuseme kamera haikosei. Imeona ateri iliyobana. Kisha? Wamarekani walilijaribu swali hili kwa wagonjwa waliokwisha kupata kiharusi, au kile cha muda mfupi, ambao ateri kubwa ndani ya fuvu ilikuwa imebana kwa asilimia 70 hadi 99. Baadhi walipewa dawa pamoja na stenti ya kupanua mshipa. Wengine dawa peke yake, presha na lehemu zikisimamiwa kwa ukali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: ndani ya siku 30, asilimia 14.7 ya waliowekewa stenti walipata kiharusi au kufariki, dhidi ya asilimia 5.8 ya wenzao. Uandikishaji wa wagonjwa ukasitishwa kabla ya wakati. Kwa hiyo tiba iliyoshinda ni vidonge vya aspirini, vya presha na vya lehemu, pamoja na kuacha sigara. Mwenye presha anastahili vidonge vyake hata kama jicho lake halijawahi kupigwa picha.

Hapa Tanzania hatuhitaji kubahatisha ukubwa wa tatizo. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta viharusi vipya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000 upande wa Hai, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Wengi wenye presha nchini ama hawajui kuwa wanayo, ama hawapati dawa mwezi hadi mwezi. Kamera haizibi pengo hilo. Itatuongezea orodha ya watu waliotishwa wakarudishwa nyumbani.

Na macho hayo yaliyoifunza mashine ni ya nani? Baadhi yalitoka katika hazina ya takwimu ya Uingereza ambayo washiriki wake karibu wote ni wazungu. Miongoni mwao ateri hubana zaidi shingoni. Kwa watu weusi na Waasia, kubana ndani ya fuvu ni jambo la kawaida zaidi. Thailand nayo ilikwisha kuonja: programu ya kusoma macho ya wagonjwa wa kisukari ilipopelekwa katika kliniki 11, ilikataa asilimia 21 ya picha zaidi ya 1,800 za miezi sita ya mwanzo. Vyumba vilikuwa na mwanga usiofaa, na mtandao ulikuwa wa kusuasua. Sidhani kama umeme na mtandao wetu wa vijijini utakuwa na huruma zaidi.

Siupingi uchunguzi wa ateri za ubongo. Kwa watoto wenye selimundu napigania uje kesho asubuhi. Mwaka 1998, tena Marekani, watoto ambao kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha damu ikikimbia kupita kiasi katika ateri za ubongo waligawanywa: kati ya 67 waliopewa huduma ya kawaida, 11 walipata kiharusi, kati ya 63 walioongezewa damu mara kwa mara, mmoja tu. Hapo kipimo kilifuatwa na tiba.

Basi ndugu zangu maofisa mnaopokea maandiko ya miradi, andiko la kamera likitua mezani, ombeni kwanza daftari la dawa za presha la kituo kitakachopewa kamera hiyo. Someni miezi 12 iliyopita. Kisha ulizeni picha za macho ya wananchi zitahifadhiwa wapi, kwa idhini ya nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikutungwa kupamba rafu.