Vimeng'enya havili saratani

Jamani, kuna maneno yamezidi kurudiwa na leo nayajibu. Eti mgonjwa wa saratani ya kongosho aachane na kemotherapi, ameze vidonge vya vimeng'enya, navyo vitaimeng'enya saratani kama vinavyomeng'enya nyama tumboni. Yanavutia kuyasikia, ila yanaua.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1906 John Beard wa Edinburgh alidai kwamba tripsini, kimeng'enya cha kongosho, kinaua saratani. Daktari Nicholas Gonzalez wa New York (alifariki 2015) akalifufua: vidonge vingi vya kongosho la nguruwe kila siku, virutubisho, na kahawa ya kuingiziwa kwa njia ya haja kubwa. Mwaka 1999 akachapisha matokeo ya wagonjwa 11, watu wakashangilia.

Msiniambie wakubwa walimpuuza. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa fedha, utafiti ukafanyika Chuo Kikuu cha Columbia. Wagonjwa 55: 32 wakachagua vimeng'enya, 23 kemotherapi. Majibu yakatoka 2009. Nusu ya waliopata kemotherapi waliishi zaidi ya miezi 14. Nusu ya wale wa vimeng'enya hawakuvuka miezi 4.3!

Watetezi wanalalamika kwamba wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. Ni kweli, walijichagulia wenyewe. Lakini walipoanza, makundi hayakutofautiana kwa maana. Wanasema pia wengi walishindwa kufuata masharti. Sasa tiba inayomshinda mgonjwa ni tiba ya nani?

Halafu hebu tazameni maabara. Seli za saratani ya kongosho zina kipokezi kiitwacho PAR-2. Tripsini hukiwasha, na seli zikaongezeka badala ya kufa. Hayo ni ya maabara, hayathibitishi kwamba vidonge vinalisha uvimbe mwilini. Lakini hadithi ya "kimeng'enya kinaila saratani" inabaki bila miguu.

Sisemi vimeng'enya ni takataka. Uvimbe ukiziba mfereji wa kongosho, chakula hakisagiki, mgonjwa anakonda. Daktari humwandikia vimeng'enya ameze pamoja na mlo, na vinamsaidia kupata lishe. Asiviache! Kazi yake hapo ni chakula.

Najua kemotherapi inatesa, na wengi haiwaponyi. Lakini tofauti ile ni karibu miezi kumi. Ninyi mnaomshauri mgonjwa aiache, mtamrudishia nani miezi hiyo?