Tuliache Daraja la Tacoma

Tulipowaomba walimu makala za toleo hili kuhusu resonansi, nilijua Tacoma itakuja. Sikudhani itakuja katika karibu kila makala. Kisa ni kilekile: daraja la kuning'inia katika jimbo la Washington, Marekani, likijisokota asubuhi ya tarehe 7 Novemba 1940, miezi minne tu baada ya kufunguliwa, hadi sakafu yake ikakatika na kuanguka majini. Maelezo nayo ni yaleyale: upepo ulipiga kwa masafa asilia ya daraja, mtikisiko ukakua, daraja likavunjika. Nimeyafuta kila nilipoyakuta. Walionuna, sababu yangu ni hii.

Upepo wa siku ile, wa takriban kilomita 64 kwa saa, ulivuma mfululizo. Haukupiga na kuacha. Watetezi hujibu kwamba upepo ukipita kwenye kizuizi huacha nyuma yake visulisuli vinavyochomoka kwa zamu, juu na chini, na kwamba hivyo ndivyo vilivyolisukuma daraja. Jibu zuri, mpaka mtu apige hesabu. Watafiti Billah na Scanlan waliipiga mwaka 1991 katika American Journal of Physics: visulisuli vingechomoka karibu mara moja kila sekunde, ilhali daraja lilijisokota mara moja kila sekunde tano. Hapo pana ulinganifu gani?

Pande za daraja lile zilikuwa kuta za chuma zenye kimo cha mita 2.4, zisizopitisha hewa. Lilipoanza kujisokota, kila msokoto ulibadilisha namna upepo ulivyolikumba, na upepo uliobadilika ukauongezea msokoto nguvu. Mpigo wa kutoka nje haukuhitajika. Huu si ubishi wa kijiweni. Kwenye resonansi, upepo ukiipita kasi inayolingana na daraja, mtikisiko hutulia. Pale Tacoma, upepo kuongezeka kungezidisha balaa. Ndiyo maana daraja la pili, lililofunguliwa mwaka 1950, lilipewa fremu zilizo wazi na nafasi za kupitisha hewa kwenye sakafu yenyewe.

Nakubali jambo moja. Tangu mwanzo daraja lile lilikuwa likipanda na kushuka hata kwa upepo mdogo, na kwa hilo visulisuli vina hatia. Anayeitaka Tacoma kwa lazima aandike habari za mawimbi yale, aache ya kuanguka.

Mwenye kiu ya maafa anayo Mexico City. Tetemeko la 19 Septemba 1985 lilianzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka jijini. Lakini sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya udongo laini wa lililokuwa ziwa, na udongo ule ukayumba kwa mzunguko wa karibu sekunde mbili. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15, yanayoyumba kwa mzunguko unaokaribia huo, ndiyo yaliyoumia zaidi; mengi mafupi, na hata marefu kuyapita hayo, yalisalimika. Sijui mfano ulio bora zaidi wa kumfundishia mwanafunzi, na ndiyo sababu makala hiyo imepewa kurasa nyingi kuliko zote.

Daraja la watembea kwa miguu la London, lililofunguliwa tarehe 10 Juni 2000 na kufungwa siku mbili baadaye kwa sababu ya kuyumba, lina mwandishi makini anayekiri kwamba resonansi peke yake haitoshi kulieleza. Makala za bembea na za kutafuta stesheni redioni ni fupi na ni safi.

Ya jiko la maikrowevu niliirudisha. Jiko lile hutumia gigahezi 2.45, na maji hayana resonansi hapo: molekuli zake hugeuzwageuzwa na uga wa umeme, zikisuguana na kupata joto. Mwandishi ameiandika upya kuhusu kwa nini chakula hupata joto huku na kubaki baridi kule, swali ambalo resonansi ina la kusema.