Aliyesoma Ashindwe na Bomba?

Katika shule yetu kuna desturi moja ambayo naona haifai, nami naomba ruhusa ya wasomaji niiseme waziwazi. Desturi yenyewe ni hii: kitu kikiharibika, kila mtu hukitazama na kupita. Kitasa cha bweni kikilegea, twasema atakuja fundi. Mguu wa dawati ukitikisika, tunaliegemeza dawati ukutani na kwenda kutafuta jingine. Bomba likidondosha maji usiku, tunajifunika shuka masikioni. Kisha tukienda likizo tunaichukua desturi hii mpaka nyumbani kwa wazazi wetu, na huko ndiko iliko­nitia aibu mimi.

Likizo ya Desemba iliyopita, nilipokwisha kuwaamkia wazee na kuweka sanduku langu, bibi aliniita uani. Akasema, "Mjukuu wangu, wewe ndiye msomi wetu. Bomba hili linavuja usiku kucha, hebu nitazamie." Nami nilikuwa nimetoka kupata alama nzuri katika mtihani wa Fizikia, na habari za msukumo wa maji nilizijua kwa moyo. Basi nikachukua spana ya baba, nikafungua kichwa cha bomba bila kufunga maji kwanza. Maji yaliruka yakanipiga usoni, yakaingia jikoni, na kabla sijapata akili ya kufanya lolote yalikwisha lowesha gunia la mahindi lililokuwa chini karibu na mlango. Mdogo wangu, aliye darasa la sita, ambaye kila Jumamosi hushinda kwa fundi baiskeli, alikimbia mpaka kwenye mita akafunga koki. Kisha akaniuliza kwa adabu, "Kaka, huko shuleni hawakukwambia maji hufungwa kwanza?"

Bibi hakunigombeza. Alitandaza mahindi juani, akawa anayageuza siku mbili nzima, na ukimya wake uliniuma kuliko fimbo.

Baadaye mdogo wangu alinionyesha kilichokuwa kibaya. Ndani ya bomba la namna ile mna kipande cha mpira, kidogo kama kifungo cha shati, ambacho hukandamizwa ili kuzuia maji. Mpira ule ulikuwa umelika. Tulinunua mwingine dukani kwa bei isiyofika bei ya soda moja, tukautia, tukafungua koki polepole, na bomba likanyamaza. Kazi yote haikuchukua nusu saa. Lakini kabla ya hapo bibi alikuwa akiweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba jioni, na jioni ya pili aliikuta imejaa. Fanyeni hesabu nami: lita 20 kila siku ni lita 600 kwa mwezi wa siku 30, na lita 7,300 kwa mwaka. Maji yote hayo hupita katika mita, na mita haina huruma. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumbani kwetu ufa ulikuwa kipande cha mpira.

Maoni yangu ni kwamba mtu hawezi kuitwa amesoma ikiwa hawezi kuitunza nyumba anayolala. Sisemi kila mwanafunzi awe seremala au fundi bomba. Nasema kuna kazi ndogo ambazo kila mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, yampasa azijue kama ajuavyo kufua nguo yake. Bawaba ikilia, tia mafuta kabla haijaliwa na kutu. Mpini wa jembe ukilegea, gongea kabari kabla jembe halijaruka likamjeruhi mtu. Bati likivuja, chungulia misumari kwanza. Bati la migongo hupigiliwa msumari mgongoni, kwa maana maji ya mvua hupita bondeni. Aliyepigilia bondeni amejitobolea nyumba mwenyewe. Mnyororo wa baiskeli au pikipiki usafishwe na kutiwa mafuta, wala usikazwe mno, kwa sababu ukikazwa kupita kiasi hula meno na kuumiza gololi. Baba akiwa na gari, ni vema mtoto ajue kupima oili kwa kile kijiti chake, na kutazama upepo wa magurudumu kabla ya safari. Tena ajue kwamba kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, maana maji yanayochemka yatamrukia usoni.

Najua wako watakaonipinga. Wa kwanza watasema, "Wewe wataka kuwanyang'anya mafundi riziki yao." Sivyo hata kidogo. Mwenye kujua kidogo ndiye amheshimuye fundi, kwa kuwa ajua ugumu wa kazi yake; tena humwita mapema, kazi ikali ndogo, na huweza kutambua kazi njema na kazi ya kulipua. Asiyejua kitu humwita fundi siku nyumba imekwisha haribika, kisha hulalamika bei.

Wa pili watasema kwamba kujitengenezea ni hatari. Hapo nakubali nusu. Yako mambo yasiyotaka ushujaa, na la kwanza ni umeme. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 230, nao hauulizi kama ulifaulu Fizikia. Fyuzi ikikatika, itiwe nyingine ya kiasi kile kile. Kuweka waya mnene au kipande cha msumari mahali pa fyuzi ni kumfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi, kwa maana kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya za nyumba hazijashika moto. Mambo ya waya ukutani tumwachie fundi aliyesomea. Kujua pa kukomea nako ni sehemu ya ufundi, na kosa langu mimi lilikuwa hilo: nilianza bila kujua.

Wa tatu, nao ndio wengi, hawatasema neno ila moyoni wataona kazi ya mikono ni ya walioshindwa mtihani. Ugonjwa huu si mpya. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akaonya juu ya elimu inayowatenga vijana na jamii yao, akataka shule ziwe pia mahali pa kufanya kazi, shamba au karakana. Siku hizi Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeweka elimu ya amali kando ya elimu ya jumla katika sekondari. Ni jambo jema. Lakini sisi wa elimu ya jumla tusidhani kwamba tumesamehewa kushika nyundo. Bomba la bibi halikuniuliza ninasoma mkondo gani.

Basi naleta shauri. Kila bweni, la wavulana na la wasichana, liwe na sanduku moja la vyombo: nyundo, koleo, bisibisi mbili, spana ya kurekebisha, msumeno mdogo, kichupa cha mafuta, misumari na mipira ya bomba. Liwe na daftari la kuandika kila kilichoharibika na siku kilipoharibika. Na Jumamosi moja ya kila mwezi, badala ya kufyeka majani yale yale, kikundi kimoja kifuate daftari na kutengeneza kinachowezekana, mwalimu au fundi wa shule akisimamia. Yasiyowezekana yapelekwe kwa Mkuu wa Shule yakiwa yameandikwa vizuri, asiweze mtu kusema hakujua.

Nanyi wazazi, nawaomba jambo moja. Tukija likizo msituonee huruma mkasema, "Mwacheni apumzike, amechoka na masomo." Tupeni bisibisi. Mtuache tukosee mlango wa banda la kuku kabla hatujakosea mlango wa nyumba yetu wenyewe.

Mimi nimekwisha anza. Nimemwandikia mdogo wangu kwamba likizo ijayo nitakuwa mwanafunzi wake, anifundishe kuziba pancha, nami nitamsaidia hesabu za sehemu zinazomsumbua. Amenijibu kwamba amekubali, ila nimwahidi kwamba sitagusa kitu kabla hajaniambia koki iko wapi.