Mwili Ndio Ujuao Njia



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, walitujia vijana wawili wa hapa Daa, wana wa mama mmoja ambaye mwaka jana alikatwa titi kwa maradhi ya saratani. Daktari alikuwa ameagiza mama apelekwe Dar es Salaam akapigwe picha ya mifupa, na kwamba kabla ya picha atadungwa dawa yenye miale ya atomiki. Mkubwa alikuwa tayari kuuza ng'ombe kwa ajili ya safari. Mdogo alikataa kabisa, akasema: "Mwalimu, hiyo ni sumu itakayoenea mwili mzima. Tutamwua mama kwa fedha zetu wenyewe."

Tuliwaomba siku tatu, tukauliza wajuao, kisha tukaenda nyumbani kwao. Maneno tuliyowaambia twayaandika hapa, kwani swali hili laweza kubisha hodi katika nyumba yo yote.

Kwanza tuliwauliza: Kwa nini meno ya watoto wengi wa mkoa wetu wa Arusha yana madoa ya kahawia? Walijua: ni maji ya nchi hii ya volkano, yenye floraidi nyingi. Basi maji hayo hupita kinywani yakafika tumboni kama maji yote. Ni nani aliyeielekeza floraidi ikatue kwenye meno yanayokua na kwenye mifupa? Ni mwili wenyewe. Kadhalika madini joto tuyalayo katika chumvi hukusanywa na tezi ya shingo. Nayo yakipungua, tezi huvimba ikawa rovu. Kila kiungo kina chakula chake, nacho hukitambua miongoni mwa vingi.

Elimu ya dawa hizi imejengwa juu ya tabia hiyo. Mtaalamu George de Hevesy, aliyepewa tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943, alionyesha kuwa kitu chenye miale hufuata njia ile ile ya kitu cha jinsi yake kisicho na miale, kwa kuwa mwili hauvitofautishi. Na mwaka 1941, mjini Boston, Daktari Saul Hertz alimtibu mgonjwa wa tezi ya shingo kwa kumnywesha madini joto yenye miale. Hakuhitaji kuyaonyesha njia. Tezi iliyachukua yenyewe.

Ama kwa mifupa, hutumika teknesiamu iliyofungamanishwa na dawa ya jamii ya fosfeti, nayo fosfeti ni sehemu ya madini yaujengayo mfupa. Mahali mfupa unapojijenga upya kwa bidii, dawa hunata kwa wingi zaidi. Saratani ya titi, ikihamia mifupani, huuchokoza mfupa hata ukajijenga ovyo. Baada ya saa 2 hadi 4 mgonjwa hulazwa mbele ya kamera ya gama. Kamera hiyo haitoi miale. Huipokea ile itokayo mwilini, ikachora picha, na penye kazi nyingi huonekana doa. Hapa Tanzania kazi hii hufanywa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road.

Lakini doa si hukumu. Mfupa uliovunjika ukawa unaunga, au goti lenye ugonjwa wa viungo, navyo huonyesha doa. Ndiyo maana daktari huuliza habari za maanguko ya zamani. Na haja ya picha ni hii: saratani iliyofika mifupani haitibiwi sawasawa na ile isiyofika.

Je, ni sumu? Hatusemi kwamba miale haina madhara hata kidogo. Twasema kipimo chake ni kidogo, na faida hupimwa kwanza. Nguvu ya teknesiamu hii hupungua nusu kila saa 6, hata baada ya siku moja husalia sehemu 1 tu katika 16, mbali na ile itokayo kwa mkojo. Kwa hiyo mgonjwa huambiwa anywe maji mengi na aende haja mara kwa mara, na kwa saa chache asipakate watoto wachanga. Mwanamke mwenye mimba au anyonyeshaye hana budi kusema kabla ya sindano, wala asione haya.

Tulipokwisha kusema, mama mwenyewe, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alisema: "Wanangu, mmebishana siku zote hizi juu ya mifupa yangu, wala hamkuniuliza. Mimi nataka kujua."

Mdogo aliinamisha kichwa. Ng'ombe akauzwa wiki ile ile, na mdogo ndiye aliyemsindikiza mama Dar es Salaam.

Nasi tuliokwenda kufundisha tulirudi na somo letu: siku zile tatu tuliuliza wajuao wote, ila yeye. Yatupasa, enyi wenye nyumba, tuanze kwa mgonjwa.

Wassalaam.