eSIM ni nzuri, lakini tunataka mega zivuke mpaka pamoja na sisi

Vijana wenzetu wa Kabondo, na ninyi wote wa Boyoma mnaotusoma,

Swali moja linarudi kila mara kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp: "eSIM njo nini? Ni kweli inasaidia mutu kupata mega za bei ndogo akiwa inje?" Wanaouliza ni watu wanaojiandaa kusafiri. Kuna wanaopita Kasindi kwenda kutafuta bidhaa Kampala. Kuna waliopata nafasi ya masomo Nairobi. Kuna dada zetu walioahidiwa kazi za nyumbani kule Ghuba. Wengi wao wako na diploma kama sisi, hawana kazi kama sisi, na safari yenyewe imelipwa na michango ya familia nzima. Tunawajibu wote hapa. Kisha tutasema jambo ambalo serikali yetu na kampuni za simu zinapaswa kulisikia.

Tuanze na kitu chenyewe. eSIM ni kadi ya simu iliyofungwa ndani ya telefone tangu kiwandani. Hakuna kadi ndogo ya kuingiza. Unanunua forfe kwenye programu ya muuzaji, anakutumia alama ya QR, unaisoma kwa kamera, na laini inaingia. Wauzaji wengi wa forfe hizo za safari, kama Airalo, hawana minara yao. Wananunua mega kwa jumla kutoka kampuni za simu za nchi mbalimbali, kisha wanaziuza kwa rejareja, za siku saba, za siku thelathini, za nchi moja au za eneo zima. Unalipa kwanza. Mega zikiisha, zimeisha, na hakuna kitu kingine kinachokatwa.

Romingi ya kawaida inaenda namna ingine. Ukivuka mpaka na kadi yako ya Kongo, telefone inajishika kwenye mnara wa kampuni ya kigeni. Kampuni ile inamdai mwenzake wa Kongo, na huyo wa Kongo anakata kwenye yunite zako, na faida yake iko ndani. Bei imepangwa kati ya kampuni mbili. Mteja hakuwa mezani. Njo maana yunite za mutu zinaweza kuisha mbele hajafika hata kwenye kituo cha basi, sababu programu za ndani ya telefone zinaendelea kunywa mega kimyakimya.

Kwa hiyo ndiyo, kwa safari fupi eSIM inaweza kukusaidia sana. Lakini ina milango mitatu, na wengi wetu tunakwama kwenye mlango wa kwanza.

Mlango wa kwanza ni telefone. Piga *#06#. Ukiona namba ndefu ya tarakimu 32 iliyoandikwa EID, telefone yako inakubali eSIM. Usipoiona, usinunue kitu. Telefone nyingi za bei ndogo tunazotembea nazo Kisangani hazina hiyo EID. Na wale wanaonunua okazyo wafungue macho: iPhone 14 na zilizofuata, zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, hazina kabisa nafasi ya kadi ya kawaida, ni eSIM tu. Na iPhone nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China ni kinyume chake: kadi mbili za kawaida, hakuna eSIM. Zote mbili zinaweza kupita Dubai na kuishia mikononi mwetu, na kwa nje zinafanana. Uliza mbele ya kulipa.

Mlango wa pili ni malipo. Wauzaji wengi wanataka Visa au Mastercard. Makuta yetu yako kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kijana asiye na mshahara hana konti ya benki, na mara nyingi sharti aombe kadi ya mjomba.

Mlango wa tatu ni namba. Forfe nyingi za eSIM za wasafiri ni za mega tu, hazina namba ya kupiga wala kupokea simu ya kawaida. WhatsApp yako itabaki kwenye namba yako ya Kongo, na ni vizuri ibaki pale. Ikikuuliza kama unataka kubadili namba, kataa.

Kwa anayekwenda kukaa wiki nyingi, mara nyingi njia rahisi ni kadi ya nchi unayofika. Beba pasipoti, ingia kwenye duka la kampuni yenyewe, uandikishwe kwa jina lako. Usikubali ile kadi ya barabarani iliyokwisha kuandikishwa kwa jina la mutu usiyemjua. Akifanya ubaya kwa jina lile, wewe njo uko na kadi mkononi, na wewe njo mgeni.

Kadi yako ya Kongo usiitupe. Makuta yako na kodi za siri za mobile money zinafika kwenye namba ile, na namba isiyotumika muda mrefu inaweza kufungwa na kupewa mutu mwingine. Iache ndani ya telefone, lakini zima romingi ya data upande wake. Ukikaribia mpaka, chagua rezo kwa mkono, kusudi telefone isiruke yenyewe kwenye mnara wa jirani. Zima picha na video zinazojipakua zenyewe kwenye WhatsApp. Pakua ramani ya muji unaokwenda ungali nyumbani. Na andika namba tatu za watu wako kwenye karatasi, sababu telefone inaweza kuzimika au kuibwa.

Kwa dada zetu wanaokwenda Ghuba tunasema zaidi. Kwenye Falme za Kiarabu, kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa; ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita. Ujue hilo mbele, kusudi mama asikae na wasiwasi akifikiri umenyamaza. Mbele ya kupanda ndege, tuma kwa familia picha ya pasipoti, ya mkataba, na jina kamili la mutu anayekuja kukupokea. Mutu anayeshuka kwenye uwanja wa ndege bila mega yuko mikononi mwa yule anayempokea. Akiwa mutu mzuri, Mungu asifiwe. Akiwa mubaya, ile saa ya kwanza bila mawasiliano njo saa anayoihitaji. Njo maana hatukubali wanaosema kwamba mega ni mambo ya starehe na TikTok.

Sasa tuseme lile jambo.

Ushauri wote tuliotoa hapo juu ni wa kujitetea. Mwenye telefone kubwa na kadi ya Visa atajipanga. Muuza vitenge wa Kabondo mwenye telefone ya vitufe, anayekwenda Kampala mara tatu kwa mwaka, eSIM haitamfikia. Na huyo njo anayevuka mipaka kuliko sisi wote. Suluhisho linalomfikia yeye ni moja: kadi yake ya Kongo ifanye kazi Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Kenya kwa bei ya kueleweka, bila alama ya QR na bila benki.

Watatuambia kwamba ni jambo gumu la kiufundi. Tunajibu kwa tarehe. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania: mteja wa nchi moja alipiga simu kwenye nchi ingine kwa bei ya pale, alipokea simu bila kulipa, na aliongeza yunite kwa kadi za kukwangua za nchi ile. Mwaka 2007 Kongo yetu iliingia pia kwenye mpango huo. Ilikuwa sauti na ujumbe mfupi, lakini mashine zilielewana tangu wakati ule, wengi wetu tukiwa bado shule ya msingi. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, serikali kwa serikali, kuondoa malipo ya ziada ya romingi kwenye simu za sauti kati yao. Huko Ulaya walianza kubana bei za romingi mwaka 2007, na tangu tarehe 15 Juni 2017 raia wa Umoja wa Ulaya anatumia forfe yake ya nyumbani kwenye nchi zote za Umoja. Kampuni hazikufanya hivyo kwa huruma. Sheria iliwalazimisha.

Kongo ilitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na mwezi wa saba mwaka uleule ikawa mwanachama kamili. Tuliambiwa soko ni kubwa, watu watatembea, bidhaa zitatembea. Hatukuambiwa mega zitatembea lini. Tunajua pia kwamba vita mashariki mwa nchi yetu imeharibu mengi kati yetu na majirani, na hatufanyi kama haipo. Lakini wafanyabiashara wadogo bado wanavuka, wanafunzi bado wanavuka, wakimbizi bado wanavuka. Mama aliyekimbilia kambi ya Uganda akitafuta sauti ya mtoto wake aliyebaki Kisangani hapaswi kulipa kama mtalii.

Kuna watakaosema: "Hapa Kabondo penyewe rezo inakatika na moto wa SNEL haupo, ninyi munazungumuza mega za inje?" Ndugu, ni neno la haki. Lakini mlango wa kubisha ni uleule: ni ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini. Na tumeona mpaka unavyotugusa hata bila kusafiri. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote kwa karibu wiki tatu. Watu wa Goma waliweza kushika minara ya Rwanda kwa kadi za kule. Wa Kinshasa walitafuta rezo ya Brazzaville. Sisi wa Kisangani tuko katikati ya msitu, mpaka uko mbali, na mnara wa jirani hautufikii. Tulikaa gizani.

Na msituambie kwamba raia hawezi kitu. Mwaka 2020 walileta RAM, ile taksi ya telefone: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na 4G, ikikatwa kwenye yunite za mutu bila kumuuliza. Watu walilalamika sokoni, chuoni, kanisani, barabarani, na wabunge wakapaza sauti. Mwanzoni mwa 2022 ikafutwa. Haikufutwa kwa sababu mmoja wetu alipata namna ya kuikwepa. Ilifutwa kwa sababu watu wengi walikataa pamoja.

Kwa hiyo tunadai mambo manne:

1. Serikali itangaze tarehe ambayo Kongo itaingia kwenye mpango wa romingi wa Afrika Mashariki, kwa sauti na kwa data.
2. ARPTC iweke wazi, kwa Kifaransa, Kiswahili na Lingala, bei ya romingi ya kila kampuni kwa kila nchi jirani.
3. Kampuni za simu ziuze forfe za safari zinazolipwa kwanza, zinazonunuliwa kwa mobile money, hata kwa telefone ya vitufe, na yunite zisikatwe kitu chochote nje ya forfe bila mteja kukubali.
4. Namba ya mutu aliye safarini isifungwe bila kumpa muda wa kutosha na onyo.

Na ninyi tunawaomba kazi moja. Kila aliyevuka mpaka mwaka huu atuandikie: ulikwenda wapi, ulitumia kadi gani, ulilipa ngapi, ulipata mega ngapi. Jina lako halitatoka. Tutaziweka bei hizo kwenye karatasi moja na kuipeleka ARPTC, na nakala kwa wabunge waliochaguliwa na Kisangani. Wakitujibu, mtasoma jibu hapa. Wakinyamaza, mtasoma pia kwamba wamenyamaza, na tutajua cha kufanya kwa pamoja.

Imetolewa Kabondo, Kisangani. Soma, tuma kwa mwenzako, na umusomee mama asiye na mega.