Tunachonong'ona Wakati wa Posa Tukiseme Kliniki

Barua ya posa ikipokelewa, huku kwetu haijibiwi siku hiyo hiyo. Wazee huomba muda. Mmoja hutumwa Bungu, mwingine Muhoro, mwingine husubiri maji yajae avuke kwenda Mbwera, wote wakaulizie ukoo wa kijana. Wataulizia uchawi, wizi na uvivu, na mwishoni, kwa sauti ya chini, watauliza: "Na wazimu, kwao haupo?" Wakiambiwa shangazi yake aliwahi kuokota makopo, posa hurudi ilikotoka na hakuna anayetoa maelezo.

Ndugu zangu wa Kibiti na Rufiji, wa bara na wa visiwani, nawaandikia kwa sababu ya swali hilo. Wazee wetu hawakulibuni, kwa kuwa kweli maradhi ya akili huandama baadhi ya koo. Kinachonisikitisha ni mahali tunapoliulizia. Tunaliuliza pale linapovunja ndoa, halafu tukifika hospitali, ambako jibu lake lingemsaidia mgonjwa, tunalikana.

Nianze na kurithi kwenyewe. Vinasaba vyetu, nusu tumevipata kwa baba na nusu kwa mama. Ugonjwa wa kurithi tunaoufahamu zaidi ni selimundu, na huo hutokana na jeni moja. Wazazi wote wawili wakiibeba, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa. Wengi hudhani wazimu nao hurithiwa kwa hesabu hiyo hiyo. Sivyo hata kidogo. Utafiti mkubwa kuhusu skizofrenia, yaani wazimu wa mtu kusikia na kuamini yasiyokuwepo, uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huo, na karibu kila moja huongeza hatari kidogo mno. Sehemu hizo zimetapakaa kwa watu wote. Tunazo sisi pia tunaotuma wajumbe kuchunguza koo za wenzetu.

Katika watu 100, takriban mmoja hupata skizofrenia maishani mwake. Kwa watoto ambao mzazi wao mmoja anaugua, hufikia kama 10 kati ya 100. Hatari hiyo ni kubwa na siwafichi. Lakini watoto 90 kati ya hao 100 hawaugui, na ndio hao ambao posa zao zinarudishwa. Tazameni pia mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vile vile. Mmoja akipata skizofrenia, katika zaidi ya nusu ya visa mwenzake hubaki mzima. Damu ingekuwa inaamua peke yake, wangeugua wote wawili.

Mengine yanayochangia tunayaishi kila siku: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, bangi inayovutwa ujanani, umaskini usioisha, kufiwa, hofu ya muda mrefu. Kuhusu bangi niseme waziwazi na vijana: mwenye mgonjwa wa akili katika ukoo wake anacheza na hatari kubwa kuliko mwenzake anayevuta naye kijiweni. Wenzake watavuta na kurudi nyumbani, yeye huenda asirudi alivyokuwa.

Na huku hofu na misiba tumevipata vya kutosha. Kati ya mwaka 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa Kibiti kwa siku moja. Novemba mwaka huo huo mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka akiwa hapa hapa Kibiti, wala hajaonekana tena. Kuna misiba isiyo na kaburi, na familia zinazoibeba hazijui zianue lini matanga. Kisha Aprili 2024 mto ukafurika ukameza mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kikapiga pwani hii. Mwenye kurithi udhaifu fulani akipitishwa katika hayo yote, si ajabu akiugua. Hata asiyerithi huugua.

Na mtu akikuambia ukatili wa miaka ile umo katika damu ya Warufiji au Wandengereko, mkatalie. Mwaka 1972 mtaalamu wa vinasaba Richard Lewontin alionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za vinasaba za binadamu zimo ndani ya kila jamii, baina ya jirani na jirani. Hakuna kabila lenye jeni ya kuua.

Sasa twendeni kliniki. Mama kampeleka binti yake, leo ni siku ya sita tangu binti ajifungue. Hajalala siku tatu, anaongea mfululizo, anasema mtoto si wake. Muuguzi anafungua daftari.

"Mama, kwenye ukoo yupo aliyewahi kuugua hivi?"

"Hayupo, nesi. Kwetu hakuna. Huyu katupiwa tu."

Shangazi mtu, aliyekaa pembeni na kanga yake, anainamisha kichwa. Anajua kwamba bibi wa binti huyu alifungwa kamba ndani ya arobaini yake. Muuguzi anaandika: hakuna.

Neno hilo moja lina gharama. Kichaa cha uzazi huwapata wanawake 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, na aghalabu huanza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Lakini kwa mwanamke mwenye baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hatari hiyo hupanda sana, na hupanda zaidi kama mama yake au dada yake aliwahi kupatwa na kichaa cha uzazi. Haya yangesemwa mapema, kliniki ya wajawazito ingejipanga, dawa zingekuwa tayari, na ndugu wangepangiana zamu za usiku ili mzazi apate usingizi. Usingizi kwake ni dawa. Wakunga wetu, masomo na makungwi, ninyi ndio mnaokaa na mzazi siku zile, na siri za koo mnazijua kuliko daktari yeyote. Nawaomba mzifikishe kwa muuguzi, hata kwa kumvuta pembeni.

Au kijana amejifungia ndani, hali, haogi, haongei. Akipimwa anaonekana ana sonona na anapewa dawa za sonona. Kama baba yake alikuwa na baipola na hakuna aliyesema, dawa hizo peke yake zinaweza kumpandisha ghafla: halali, anagawa mali, anapigana na watu. Nyumbani watasema dawa za hospitali zimemharibu, naye hatarudishwa tena. Daktari angejua habari za baba yake, angechagua dawa nyingine. Hata dawa iliyomfaa mzazi humpa daktari fununu ya itakayomfaa mwana.

Kusema habari za nyumbani si jambo geni kwetu. Wenye umri wanakumbuka wadadisi waliopita nyumba kwa nyumba kuanzia mwaka 1998, Bungu, Kibiti, Mchukwi hadi Ikwiriri, wakirudi kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa, na alikufaje. Mama aliyetoka kuzika mtoto alikaa mkekani akaeleza homa ilivyoanza. Majibu hayo yalitumiwa na mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na wenzao wa Canada kuelekeza fedha kidogo za wilaya kwenye magonjwa yaliyokuwa yakiua kweli, malaria hasa. Katika miaka michache vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40, na Rufiji ikasomwa duniani kama mfano. Wale mama hawakuona aibu kueleza vifo vya watoto wao. Ugonjwa wa akili nao unastahili ujasiri ule ule.

Na dunia inauhitaji. Mwaka 2016 watafiti walipohesabu watu walioingizwa katika tafiti za vinasaba, asilimia 81 walikuwa wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa kama asilimia 3 tu. Utafiti wa NeuroGAP, unaochunguza vinasaba vya maradhi ya akili, umeanza kuziba pengo hilo Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, na Kilifi, pwani kama yetu, imo. Siku watafiti wakibisha hodi huku, tuwasikilize, tuwaulize sampuli zinakwenda wapi na majibu yatarudi lini, kisha kila mtu aamue kwa hiari yake.

Masheikh wangu na waganga, sina ugomvi na kombe wala dua. Someni, na mkimaliza kusoma mleteni mgonjwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa miezi ya mwanzo ndiyo yenye nafuu kubwa. Wenyeviti wa vitongoji, mtu asifungwe mnyororo katika eneo lenu mkanyamaza. Na madiwani wetu, mgonjwa wa Kiongoroni au Maparoni hufika Nyamisati kwa boti na kwa kufuata maji, nauli yake na ya ndugu anayemshika. Akikuta dawa zimeisha, hatakuja mara ya pili. Kwenye bajeti ya halmashauri, simamieni dawa za akili zisikatike, na muuguzi mwenye ujuzi huo awafuate watu deltani kwa ratiba inayojulikana.

Wengine wote, nawaomba jioni moja tu. Kaeni na bibi au shangazi mkubwa kuliko wote nyumbani, mumwulize kwa upole: nani katika ukoo wetu aliwahi kuugua akili au kujiua, alikuwa na umri gani, ilianza baada ya nini, na nini kilimsaidia. Andikeni upande wa mama na upande wa baba. Karatasi hiyo ikunjwe iwekwe ndani ya daftari la kliniki la kila binti mjamzito na la kila kijana aliyeanza kujitenga, na muuguzi akiuliza, apewe aisome.