Shangingi la Mjomba: Springi au Mipira ya Hewa?

Wiki hii mapenzi tunayaweka pembeni kidogo, maana nimepata kesi ya nyumbani. Mjomba kastaafu, kiinua mgongo kimeingia, na sasa anataka shangingi. Siyo la kuuzia sura, hapana. Bibi anakaa Matombo, kule kwenye miteremko ya Uluguru, alivunjika nyonga, na kila mwezi anatakiwa kliniki Morogoro mjini. Kwenye gari la kukodi anafika hospitali amelia njia nzima. Ndiyo maana mjomba kaapa kununua gari "linaloelea".

Kwenye yadi moja hapa Dar akalipata. Jeusi, viti vya ngozi, na chini limekaa kwenye mipira ya hewa badala ya springi. Tukalijaribu. Nisiwe mnafiki, matuta tuliyasikia kama stori tu. Mjomba akaacha malipo ya kwanza siku hiyohiyo. Kesho yake asubuhi tunarudi, tunalikuta limekaa chini nyuma kama kuku anayeatamia! Dalali anacheka: "Liwashe tu mzee wangu, litaamka." Likawashwa, likanguruma kwa chini, likanyanyuka taratibu. Mjomba akafurahi. Mimi roho ikaanza kudunda.

Sasa ngoja niwape mchezo wenyewe, maana wengi tunaangalia rangi na redio, chini hatuinami.

Zamani magari ya aina hii yalikaa kwenye springi za mabamba, zile za vyuma vilivyopangwa kama za lori. Zinabeba mzigo vizuri na fundi yeyote wa kijijini anazijua, lakini gari likiwa tupu zinakurusha kichwa mpaka darini. Range Rover ya kwanza, mwaka 1970, ilikuja na springi za koili mbele na nyuma, watu wakashangaa gari la porini linatembea kama saluni. Land Cruiser nayo ikafuata: ile ya 80, iliyotoka 1990, ina koili kote. Range Rover tena, mwaka 1992, ndiyo wakaanza kuweka mipira ya hewa.

Mpira wa hewa ni mtamu kweli, tusidanganyane. Kompresa inaujaza, vipimo vinaangalia gari limeinuka kiasi gani, na kompyuta inaamua hewa iongezwe au ipunguzwe. Ukipakia watu saba na magunia, gari halikai mkia chini. Ubaya wake ni kwamba raba inazeeka. Inapasukapasuka kwenye mikunjo, hewa inavuja kidogokidogo usiku kucha, na kompresa inafanya kazi ya ziada kila siku mpaka inaungua. Hapo ndipo unajikuta umelala porini na gari limelala tumboni. Gari linaloinama usiku mmoja tayari limeshakwambia ugonjwa wake, mjomba ndiye aliyekuwa hataki kusikia.

Akaniuliza: "Sasa wewe mtoto unataka bibi yako aumie?" Swali gumu hilo, jamani. Nikamwambia mjomba, bibi akiumia njiani ni vibaya, lakini akikwama mlimani siku ya kliniki ni vibaya zaidi.

Koili yenyewe ni chuma kilichozungushwa, haina cha kuvuja. Inaweza kuchoka au kuvunjika, lakini mara nyingi inakupa muda wa kufika mjini. Wanaosema "koili ni ngumu" mara nyingi gari lao lina shokapu zilizokufa. Springi inabeba, shokapu ndiyo inayozuia gari lisiendelee kurukaruka. Inama uangalie: ukiona oili imechuruzika kwenye shokapu, hiyo imekwisha. Halafu bushi, hizi raba ndogo zisizo na jina mjini, zikilika gari linagonga kokoto na wewe unalaumu springi.

Ila tairi ndiyo inayonikera kuliko yote. Vijana tunapenda rimu kubwa, tairi inabaki nyembamba kama mkanda wa suruali. Ile raba ya pembeni ndiyo mto wa kwanza wa abiria! Uitoe, halafu ujaze upepo mpaka tairi iwe jiwe, kisha ulalamike gari linapiga. Pima upepo tairi zikiwa za baridi, fuata kibandiko cha mlangoni.

Tukazunguka yadi wiki mbili. Mwisho tukapata Land Cruiser 100, toleo lililotoka 1998 hadi 2007. Mbele kila tairi inacheza peke yake, inashikwa na chuma kirefu kinachojipinda, nyuma kuna ekseli moja nzima na koili. Jiwe la upande mmoja mbele halikutikisi wote, na nyuma inabeba mizigo bila kulialia. Lakini angalieni, baadhi ya hizo 100 zina mtambo wa oili na gesi wa kupandisha na kushusha gari. Gesi yake ikiisha gari linakuwa gumu kama mkokoteni. Yetu haina, nilimlazimisha fundi alale chini kabisa kuhakikisha. Shokapu nne mpya, bushi za nyuma mpya, basi.

Lile jeusi? Malipo ya kwanza yamerudi nusu tu, baada ya maneno mengi. Mjomba bado hanisemeshi vizuri kwa hilo, kana kwamba mimi ndiye nilivujisha hewa.

Jumamosi tukaenda kumchukua bibi. Njia nzima kimya, tukadhani anasikia maumivu, kumbe amelala. Tulipofika hospitali ndipo akafungua mdomo: "Gari zuri wanangu, lakini mbona refu hivi? Mnanishusha kama gunia la mahindi." Na hapo ana haki, maana lile la hewa lingeweza kuinama lenyewe mtu apande. Mjomba akanigeukia na jicho kali. Sasa tumempa fundi seremala kazi ya kigoda cha kukanyagia, anasema kitakuwa tayari Alhamisi.

Wiki ijayo narudi kwenye barua zenu, yule dada wa Kinondoni asikate tamaa.